Mazuku kwenye Kitambaa cha Kijani

Nilikwenda sokoni Birere, hapa Goma, kununua kitenge cha arusi ya binamu yangu, nikarudi mikono mitupu. Muuza vitenge, mama mmoja mwenye maneno mengi, alinikunjulia kipande kipya cha kijani chenye maua meupe, akakikung'uta karibu na pua yangu ili nijue hakijawahi kuvaliwa na mtu. Harufu ile mnaijua, wenzangu mliokulia huku: nta na dawa ya kiwandani, kali kidogo, ambayo huondoka ukishafua mara ya kwanza. Nilirudi nyuma. Yeye akadhani nataka anipunguzie bei, akaanza kunibembeleza, nami nikashindwa kumweleza kwamba bei yake haikuwa na kosa. Nikaondoka huku ananisema mgongoni, na sikumlaumu.

Kwangu, ile ni harufu ya darasa la mwaka wa tatu. Shule yetu ya Mabanga ilikuwa ya mbao, imesimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasawazisha, hata madawati yakawa yanacheza kila tulipoandika. Kabla ya Madamu Zawadi, darasani kulikuwa na kitabu kimoja tu, cha Kifaransa, nacho kilikuwa cha mwalimu na hakikuguswa. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tukanakili, tukakariri, tukasahau. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna vitabu vya namna mbalimbali. Kitabu kilikuwa kitabu, kama chumvi ilivyo chumvi.

Madamu Zawadi alikuwa ametoka upande wa Bukavu, kama watu wa nyumbani kwetu, na alikuwa bado mgeni wa Goma. Alikuwa kijana mwenye sauti ndogo, na hakushika fimbo, jambo lililotutia wasiwasi kwa muda mrefu, maana tulidhani ameificha mahali. Alituletea gunia la vitabu vya watoto alivyopewa parokiani, vingine havina majalada, vingine panya walikuwa wamekwisha kuvionja. Akanunua vitenge vipya, akavitandika sakafuni pembeni mwa darasa bila kuvifua. Cha kijani kilikuwa cha hadithi, na cha buluu cha mambo ya kweli: wanyama, mvua, mwili wa mtu, namna mahindi yanavyoota. Cha njano kilibeba mashairi na nyimbo. Chekundu kilikuwa cha michezo ya kuigiza, na hicho ndicho wavulana walichokigombania kwa sababu mnaruhusiwa kupiga kelele.

Sheria yake ilikuwa moja. Kabla hujafungua kitabu, kiulize ni cha aina gani, kwa sababu kila aina ina namna yake ya kusomwa. Ili tuelewe akasema ni kama kumuuliza mtu kabila lake. Darasa likacheka, halafu likanyamaza ghafla, maana majumbani mwetu swali lile halikuwa la mchezo, na hata sisi watoto tulijua nyumba ambazo usingeliuliza. Madamu akaona ameteleza. Akatuangalia, akasema taratibu, "Mutu musimuulize. Kitabu, mukiulize kila siku."

Basi tukawa tunaviuliza. Kitabu cha hadithi tulikisikiliza mpaka mwisho bila kubisha, hata kama sungura anavaa suruali. Cha mambo ya kweli tulikisoma tukiwa na haki ya kuinua mkono na kusema sikubali, nani aliona? Shairi tulilisoma kwa sauti hata kama uko peke yako, na mchezo wa kuigiza haukusomeka bila wenzako. Watu wakubwa wanaoniuliza leo kwa nini napenda kusoma huwa nawajibu kitu cha haraka tu. Jibu lenyewe ni hilo: kuna mwanamke alituvua viatu, akatuketisha sakafuni juu ya kitenge kipya, akatufundisha kwamba si kila neno lililoandikwa linataka jambo lile lile kutoka kwako.

Lakini mimi nilielewa vibaya. Nilikuwa mtoto mwepesi wa kushika mambo, na watoto wa namna hiyo wakikosea hukosea kwa kujiamini. Nilidhani ni kitambaa ndicho kinachokifanya kitabu kiwe kilivyo. Nilidhani kitu kikishawekwa kwenye kijani kinakuwa hadithi tangu hapo, hakiwezi tena kumdhuru mtu. Usiku nilipolala nilianza kuhamisha vitu kichwani: risasi tulizozisikia mbali, mlima unaong'aa mwekundu, baba yangu aliyekwenda Kisangani akaacha kuandika. Vyote nikavilaza kwenye kijani, nikapata usingizi. Nasema haya bila kujicheka, kwa sababu ilinisaidia kweli.

Nyumbani nililelewa na Koko, mama yake mama yangu, kwa kuwa mama alikuwa anauza mboga tangu alfajiri hadi jioni. Koko alikuwa msimulizi. Jioni akichambua maharage alinisimulia habari za Mazuku, mtu mwembamba asiye na mdomo, anayelala kwenye mashimo ya mawe kwa sababu hana pumzi yake mwenyewe. Ukipita karibu anakuomba umwazime yako kidogo, halafu harudishi. Mtoto anayemwazima anabaki palepale shimoni. Hadithi iliishia hapo, na Koko akaendelea na maharage yake. Lazima niseme kwamba Koko hakujua zaidi ya hapo. Alikuwa amekuja mjini akiwa mtu mzima, na kwake mazuku yalikuwa maneno ya wenyeji wa huku, ameyasikia kisimani akayapamba. Mimi niliyaogopa kuliko mlima.

Rafiki yangu alikuwa Neema. Kila asubuhi alishuka kutoka Munigi kwa miguu na kufika shuleni na vumbi mpaka magotini. Wazazi wake walikuwa watu wa Rutshuru, wakulima wenye mbuzi wachache. Baba alirudi kulima kule wakati wa msimu, na mama alibaki Munigi na Neema na mdogo wake, Amani, ambaye hakuwa amefikia umri wa shule. Amani nilimjua vizuri. Alikuwa na tabia ya kusalimia kila kitu, watu, mbuzi, pikipiki, na kama hukumjibu anasimama mbele yako akarudia. Neema alijifanya anachoshwa naye, lakini mfukoni mwake hamkukosekana kipande cha muhogo alichomwekea.

Vitabu vya gunia vilipokwisha, kwa maana ya kwamba tumevisoma vyote mpaka tukavijua kwa moyo, Madamu akaja na wazo. Kila mmoja alete kitu kutoka nyumbani: hadithi, wimbo, au jambo la kweli analolijua. Mtoto anasimulia, Madamu anaandika kwenye karatasi kubwa, tunachora picha, anashona kwa uzi, na darasa linaamua kitabu kipya kilale kwenye kitambaa kipi. Hapo ndipo tulipojifunza kubishana. Mvulana mmoja alileta habari ya mjomba wake aliyenyanyua ng'ombe, na tulikaa siku nzima tukigombana kama ni ya kijani au ya buluu, mpaka mjomba mwenyewe akapita njiani tukamwona alivyo mdogo.

Zamu yangu ilipofika nilileta Mazuku. Niliisimulia kama Koko, kwa sauti ya chini, na nilipofika kwenye "niazime pumzi yako" wasichana wa mbele wakashikana mikono. Nikaona raha ambayo sikuwahi kuiona. Lakini mwisho wa Koko niliuogopa hata nikiusema mwenyewe, tena nilitaka wanipigie makofi, kwa hiyo nikatia chumvi yangu. Nikasema akaja mtoto mmoja mwenye adabu, hakukimbia, akasimama pale ukingoni akamwamkia kama baba wa jirani, akasema, jambo papa Mazuku, habari ya nyumbani, watoto wako hawajambo? Na Mazuku, ambaye hajawahi kusalimiwa na mtu tangu azaliwe, alishangaa hata akatoa pumzi zote alizoziazima. Watoto wote waliolala shimoni wakaamka, wakajikung'uta vumbi, wakarudi kwao kula. Makofi niliyapata.

Kisha ukaja wakati wa kuchagua kitambaa, na Neema akainua mkono. Alikuwa msichana wa maneno machache, kwa hiyo sote tuligeuka kumtazama.

"Madamu, iyi haiko hadithi," akasema. "Kwetu iko kabisa. Inauaka mbuzi."

Madamu akamuuliza kama amewahi kumwona huyo mtu. Neema akasema hapana, haiko mutu. Basi ni nini? Hapo Neema akakwama. Alijua mahali, alijua saa, alijua mama yake anavyowafukuza wasikaribie bonde la nyuma ya nyumba asubuhi na mapema, lakini hakuwa na jina lingine la kitu chenyewe. "Iko mazuku," akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeona haya. Watoto wakaanza kuchekacheka.

Mimi nilikuwa na la kusema, nilikuwa nalo siku zote. Nikasimama, nikasema mtu asiye na mdomo hawezi kuomba kitu, na huyu anaomba, kwa hiyo ni hadithi tupu. Darasa zima likaangua kicheko, na Neema naye, baada ya kuninunia kidogo, akacheka. Nilifikiri nimeshinda kwa akili. Leo najua nilikuwa nashindana na hofu yangu mwenyewe: nilitaka kile kitu kilale kwenye kijani nipate usingizi, na Neema alikuwa anakizuia mlangoni.

Madamu hakuridhika sana. Alisema kitabu kinaweza kuhamishwa tukijua zaidi, na kwamba angemuuliza direkta, mkuu wa shule yetu, ambaye ni mtu wa Goma. Lakini kura zilikuwa zimekwisha kupigwa, na kitabu changu chenye picha ya mtu mwembamba kikalazwa kwenye kitambaa cha kijani. Jumamosi vitabu viliruhusiwa kwenda nyumbani mpaka Jumatatu. Neema ndiye aliyekiomba. Aliniambia tukiwa tunavaa viatu kwamba Amani anaogopa sana mazuku, analia hata mchana mama akiyataja, kwa hiyo anataka amsomee ajue kumbe yanaweza kusalimiwa. Nilifurahi, nikamwambia asisahau kuigeuza sauti pale kwenye "niazime".

Jumatatu Neema hakuja. Jioni mama alirudi kutoka sokoni na habari, akaisema kwa Koko wakiwa jikoni, wakidhani sisikii. Mtoto wa Munigi, yule mdogo, wa yule mama wa Rutshuru mwenye mbuzi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi hakukuwa na upepo hata kidogo, na mtoto alikutwa bondeni amelala kifudifudi karibu na mwanambuzi. Hakuwa na jeraha. Majirani waliposhuka na mwenge, moto ulizimika ulipofika usawa wa magoti, wakarudi nyuma, wakamvuta kwa kamba na mti mrefu.

Tulipanda Munigi kwenye matanga, mimi nikiwa nimeshika sketi ya Koko. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani na vilinibana, na nilifurahi kwamba vinanibana. Wanawake walikuwa wamekaa chini, wanaimba taratibu kwa Kinyarwanda. Neema alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, anachunguza mikono yake. Nikakaa kando yake. Akaniambia, bila kuniangalia, kwamba jioni ya kuamkia siku ile alimsomea mara nyingi kwa sababu Amani hakutaka aache. Alipolala alikuwa bado anajifunza salamu. Jambo papa Mazuku. Habari ya nyumbani. Neema alimsikia, akacheka, akamfunika blanketi.

"Ni mimi nilimufundisha," akasema. "Usiambie mama."

Sijui mtu mzima anafanya nini akiambiwa neno kama hilo. Mimi nilijua jambo moja tu, kwamba si yeye. Salamu ile hakuitunga yeye, wala haikuwa ya Koko. Ilikuwa yangu, niliitunga ili nipigiwe makofi. Na yeye ndiye peke yake aliyesimama darasani akasema si hadithi, mimi nikamchekesha mpaka akaniamini mimi kuliko mama yake. Nilichokitaka siku ile, kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, ni kulibeba lile jambo kutoka kwake kabla halijamwingia ndani. Sikumwambia mama yake. Nilimwambia Koko, palepale, nikamwambia yote, nikasubiri anipige.

Koko hakunipiga. Alifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, akasema hadithi ni yake, alinipa kitu asichokijua. Akasema mimi ni mtoto, niende nile. Halafu akainuka akamtafuta Madamu Zawadi, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango, na nikaona midomo yake inasema. Madamu akafunika macho. Wakaenda wote wawili kwa Mama Neema, wakapiga magoti kwenye vumbi, nami nikawafuata kwa nyuma kwa sababu nilidhani sasa zamu yangu itafika. Koko alisema kosa ni lake. Madamu akasema hapana, yeye ni mwalimu, Neema alimweleza mbele ya darasa zima naye akakubali kura. Alisema alikuwa bado hajamuuliza direkta.

Mama Neema aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mrefu, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Ni mimi nilimutishaka na mazuku tangu akiwa mudogo, ili arudi nyumbani haraka," akasema. "Sikumuelezaka iko kitu gani. Mukitoka hapa, musibebe yangu."

Basi nikasimama pale nikiwaangalia wanawake watatu wakubwa wakinyang'anyana lile kosa, kila mmoja akilivuta kwake, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kuona kwamba nimenyoosha mikono. Nikajaribu kusema, "Mama, ni mimi," na Mama Neema akanivuta kifuani kwake akanibembeleza kama vile mimi ndiye niliyefiwa. Alinukia moshi na maziwa. Nilijichukia kwa jinsi nilivyotulia pale. Nilipotazama nyuma, Neema alikuwa kwenye kona ya nyumba, ametuona, ametusikia. Watu wote walikuwa wamegawana, na hakuna aliyekwenda kumwambia yeye kwamba sehemu yake imechukuliwa.

Baada ya matanga Madamu Zawadi hakuviondoa vitambaa, ingawa tulitarajia angeviondoa. Alikichukua kitabu changu, akakikunja, akakiweka kwenye mkoba wake, sikukiona tena. Kisha akawa anapanda Munigi baada ya masomo na kuwauliza wazee na wachungaji, anasimama nao kwenye kingo za mabonde, anaandika. Akatuletea yote aliyoyakusanya, tukatengeneza kitabu kingine pamoja. Kwamba mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini kwenye mashimo na nyufa. Kwamba haina harufu wala rangi. Kwamba inalala chini, kwa hiyo mtu mzima anapita salama na mtoto aliye kando yake anaanguka. Kwamba ni hatari asubuhi isiyo na upepo na baada ya mvua, na ukiona wadudu na ndege wamekufa mahali, usishuke hata kumfuata mbuzi. Sisi tulichora picha. Kitabu kikalazwa kwenye buluu, na safari hii hakuna aliyepiga kura. Nilikikariri chote, neno kwa neno, nikiamini kwamba nikikijua vizuri kuliko wote nitakuwa nimelipa kitu.

Neema alirudi darasani baada ya muda. Alikaa dawati letu lilelile. Hakukigusa kitambaa chochote. Wakati wa kusoma alibaki amekaa, na Madamu alimwacha. Mimi nilimletea mihogo, nilimwandikia kazi zake, nilimbebea mkoba mpaka mwanzo wa barabara ya Munigi. Alinishukuru kwa adabu kila mara, na adabu yake iliniumiza kuliko tusi. Nilisubiri aniambie kitu kibaya. Ningependa anisukume.

Siku moja wakati wa mapumziko wenzetu walitoka kucheza, tukabaki wawili. Mvua ilikuwa inakaribia na darasa lilikuwa na giza kidogo. Neema akavua viatu, akaenda akaketi kwenye kitambaa cha kijani, katikati kabisa, akaniita niketi. Nikavua vyangu haraka. Nilidhani tumerudi kuwa kama zamani.

"Nisimulie ile ya mazuku," akasema.

Hapo ndipo nilipofanya lile ambalo linanifukuza Birere mpaka leo. Kosa la kwanza nililifanya bila kujua, na watu wazima walikwisha kuligawana mbele ya macho yangu. Nimekubali, kwa shida, kwamba nilikuwa mtoto. Kwa hili la pili nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilikuwa na mwaka mzima wa mafunzo ya Madamu kichwani, kiulize kwanza ni cha aina gani, na rafiki yangu alikuwa ameketi kwenye jibu lenyewe. Mimi nikakaza mgongo, nikaweka mikono magotini, nikaanza kumsomea kwa moyo kitabu cha buluu. Mazuku ni hewa nzito. Haina harufu wala rangi. Inalala chini. Sikuacha hata sentensi moja, hata ile ya mtoto anayeanguka. Nilijiona mwema. Nilidhani namwomba msamaha kwa kumwambia ukweli.

Neema alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua mkono.

"Ile najua," akasema. "Kwetu kila mutu anaijua sasa. Mimi naomba ile ingine, ile wanaamukaka."

Alikuwa ananiangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu matanga. Hakuwa amechanganyikiwa, wala hakudhani kwamba Amani atarudi. Katika darasa lote, yeye ndiye aliyelishika somo la Madamu kama lilivyo. Alitaka tu amwone mara moja anasimama, anajikung'uta vumbi, anarudi kula. Ilikuwa inahitaji dakika chache, na mtu mmoja tu duniani alikuwa na mwisho ule. Lakini niliogopa. Niliona nikiisema tena mdomoni mwangu mtu mwingine ataisikia, ataamka asubuhi, atashuka.

Nikamwambia nimeisahau.

Akasema haina shida. Akavaa viatu vyake, akatoka nje kwa wenzetu kabla mvua haijaanza, na msimu ulipokwisha baba yake akaja akamchukua yeye na mama yake, wakarudi Rutshuru. Sikuwa nimeisahau. Ninayo mpaka leo, yote, na tangu siku ile, kabla yenu, sijamsimulia mtu.